Filamu Inang'oka, Kitu Kinabaki: mhadhara kuhusu kugundisha sehemu za nyuzi za kaboni

Jamani, hapa mezani nina vipande viwili vya nyuzi za kaboni na epoksi, yaani resini inayoganda na kuzishikanisha nyuzi. Vimeiva pamoja, joto la sentigredi 180. Hiki kinang'aa kama kioo. Hiki kingine nilikisafisha, nikakipiga msasa, kimepauka. Mngepaka gundi kipi? Naona vidole vingi kwenye kinachong'aa. Haya, maji kidogo.

Tone limejikusanya kama shanga, nikiinamisha, linabingirika. Kwenye kilichopauka limetandaa. Gundi nayo ni kimiminika kabla haijaganda.

Chanzo ni filamu. Kabla ya kuivisha tunatandika filamu hiyo, plastiki nyembamba, juu ya kipande, resini isigandane na vitambaa na mfuko wa ombwe. Nyingine zina florini ndani yake, nyingine zimepakwa silikoni. Tunazitaka kwa sababu hazishikwi na kitu, kisha tunashangaa zilipogusa hapashiki. Chini ya joto na shinikizo, chembe zake huhamia kwenye resini. Utando huo unaweza kuwa wa nanomita chache tu. Jicho halioni, kidole hakihisi. Vipo vipimo vya eksirei vinavyosoma nanomita 10 hivi za juu, na hapo ndipo florini hujitokeza.

Silikoni ndiyo korofi zaidi. Tazameni, nafuta kipande hiki kinachong'aa kwa asetoni, kisha nakirudia na kitambaa kilekile, kama wengi wetu tunavyofanya tukiwa na haraka. Hapo ninausambaza tu utando wa silikoni. Kitambaa kibichi kipite mara moja, kikavu kisafi kifuate kabla asetoni haijakauka, vyote vitupwe. Msasa uje baada ya kufuta, la sivyo unaushindilia uchafu kwenye mikwaruzo. Na usichimbe hadi kwenye nyuzi. Plasma, yaani gesi iliyochajiwa umeme, nayo husaidia, ila silikoni ikiwa nzito huigeuza gamba kama la kioo, nalo linabaki palepale.

Kinachonikera ni kauli ya "tutapima baadaye kwa mawimbi ya sauti." Mawimbi hutafuta mwanya. Hapa mwanya haupo: gundi imegusa uso vizuri, imejaa, ila haijaushika. Picha itatoka safi kabisa, na kiungo kitaachia siku kitakapovutwa.

Asetoni imeshakauka. Ngoja nidondoshe maji tena, palepale nilipofuta.

Shanga ile ile.