Vipuri vya Kuboresha Upinde wa Kompaundi: Kipi Kinalipa?

Ndugu zangu wapenda upinde, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie jambo linalozua ubishi kila tunapokutana kwenye mstari wa kulengea: je, inafaa kununua vipuri vya ziada, vile ambavyo havikuja na upinde wenyewe kutoka kiwandani? Jibu langu nalitoa mapema, ili mwenye haraka ya kurudi mazoezini aende nalo. Kipuri kinachopunguza tofauti kati ya mshale mmoja na unaoufuata kinalipa. Kipuri kinachokuahidi kasi, mara nyingi hakilipi.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na msemo huo hutupiwa sana watu wa vipuri. Kwa upinde wa mti na uzi naukubali. Lakini upinde wa kompaundi ni mashine. Holless Wilbur Allen wa Missouri, Marekani, alipopewa hataza yake mwaka 1969, alikuwa ameweka kwenye ncha za upinde magurudumu ambayo ekseli yake haipo katikati, na kebo za kuyaunganisha. Kemu za leo ni watoto wa magurudumu hayo. Mashine ina sehemu zinazochakaa, zinazolegea na zinazotoka kwenye vipimo. Kwa hiyo majembe yasiyolima yapo, hata mkulima awe hodari namna gani.

Tuanze na kasi, maana ndiyo inayouza. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye tangazo la upinde kwa kawaida imepimwa kwa upinde wa pauni 70, yaani nguvu ya kuuvuta, mvuto wa inchi 30, yaani urefu wa kuuvuta uzi hadi mwisho, na mshale wa greni 350, yaani kama gramu 22.7. Hebu jiulizeni, ni wangapi humu wanavuta inchi 30? Kila inchi unayopungukiwa inakula takriban futi 10 kwa sekunde. Ukishavuta inchi 27, tena kwa pauni 55, ile namba ya tangazo haikuhusu. Halafu unafunga kitundu cha kuchungulia kwenye uzi, unafunga vipande vya mpira vya kuzima kelele, na kila kimoja kinapunguza kidogo. Sasa mtu anakuja na uzi mwembamba zaidi au mshale mwepesi zaidi, anakwambia utapata futi tano au kumi. Inawezekana ukazipata. Swali ni zitakusaidia nini.

Naomba tupige hesabu kidogo, tuuache upinzani wa hewa pembeni. Mshale unaoruka mita 90 kwa sekunde hufika mita 50 kwa muda wa sekunde 0.56 hivi, na njiani unashuka kama mita 1.51. Ukiuongezea kasi ufike mita 92, unashuka mita 1.45. Umeokoa sentimita 6. Sentimita hizo unaweza kuzipata bure kwa kusogeza pini ya kilengeo juu au chini, maana umbali wa shabaha unaujua. Anayelenga umbali asioujua, kwa kukisia, huyo ana haki ya kuiwaza kasi, maana makosa ya kukisia hupungua kidogo mshale ukiwa na mwendo. Wengi wetu hatumo humo.

Lakini geuzeni hesabu ileile. Mshale wa kwanza umetoka kwa mita 90, wa pili kwa mita 89. Mkono wako haukukosea, jicho halikukosea, na bado mshale wa pili umeanguka sentimita 3 na kitu chini ya wa kwanza. Katika mashindano ya World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu, kompaundi hupigwa mita 50 kwenye shabaha ya sentimita 80, na duara la 10 lina kipenyo cha sentimita 8. Kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 4 tu. Kwa hiyo tofauti ya mita moja kwa sekunde inakula karibu nafasi yote uliyopewa. Hapo ndipo pesa ya vipuri inapopaswa kwenda.

Tofauti hiyo hutoka wapi? Kwanza kwenye mishale yenyewe. Watu hawaihesabu mishale kuwa kipuri, lakini kwangu ndiyo kipuri cha kwanza. Mishale miwili ikitofautiana greni 5 tu kwenye uzito wa 350, tofauti yake mita 50 inakaribia sentimita 2. Ugumu wa kijiti, yaani mwili wa mshale, nao lazima uendane na pauni unazovuta na urefu wa mshale. Ukitumia kijiti laini kupita kiasi, kiegemeo cha mshale, kile unachoulaza mshale kabla ya kuupiga, hata kiwe cha bei gani hakitakuokoa. Na wepesi una mpaka wake: usishuke chini ya greni 5 kwa kila pauni ya upinde, maana nguvu ambayo mshale haukuichukua inabaki kwenye mikono ya upinde, yaani vile vipande viwili vinavyopinda juu na chini, na mikono hiyo hupasuka.

Pili ni uzi na kebo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini uzi wa kiwandani ndio sehemu dhaifu kuliko zote kwenye pinde nyingi, hata zile za bei kubwa. Nyuzi za kisasa hutengenezwa kwa nyuzinyuzi za jamii ya Dyneema, ambazo ni imara na nyepesi mno, ila zina tabia moja: zikikaa chini ya mzigo, hasa kwenye joto, hurefuka polepole na hazirudi. Ndiyo maana watengenezaji wengi huzichanganya na Vectran, nyuzinyuzi ya aina nyingine ambayo hairefuki hivyo. Lakini mchanganyiko peke yake hautoshi. Uzi mzuri huvutwa kwa nguvu nyingi kabla haujakufikia, ili urefukie kule kwa fundi na usirefukie kwako.

Uzi ukirefuka, kila kitu kinahama kimyakimya. Kemu zinaacha kuzunguka pamoja. Urefu wa mvuto unabadilika. Kitundu cha kuchungulia kinajizungusha, na kinasogea juu au chini. Na hapa kuna hesabu nyingine ninayoipenda: kutoka kitunduni hadi kwenye kilengeo ni kama sentimita 85. Kitundu kikihama milimita moja tu, mshale wako mita 50 unahama karibu sentimita 6. Umeshatoka kwenye 10, na wewe unalaumu kidole. Ninamwona mtu anafunga stabilaiza ya kaboni, ile fimbo ya mbele ya kuutuliza upinde, kwenye upinde wenye uzi uliochakaa hadi umeota manyoya, nasikitika. Badilisha uzi na kebo kwa pamoja kila baada ya miaka miwili au mitatu, mapema zaidi ukipiga sana, na upake nta katikati ya muda huo.

Hesabu hiyohiyo ya milimita moja inakuhukumu upande wa kilengeo. Kilengeo kinachocheza nusu milimita kinakutupa sentimita 3. Kwa hiyo unapokinunua usitazame rangi ya pini wala wingi wake. Kishike, kitikise. Kague kama skrubu zake zinakaza na kukaa. Kague kama pima maji yake inaweza kurekebishwa, kwa sababu ukilenga mlimani au bondeni, pima maji isiyokaa sawa itakupeleka kulia au kushoto na hutajua kwa nini. Anayekusudia kushindana asome kanuni kwanza: World Archery hairuhusu vilengeo vya elektroniki, na pauni za kompaundi zina kikomo cha 60.

Kiegemeo cha mshale sitakiongelea sana. Kile kinachoanguka mshale unapoondoka hakigusi manyoya, na ni kizuri kikifungwa kwa vipimo. Kile cha brashi kinagusa manyoya ila hakina kinachoharibika. Kwa anayeanza, cha brashi kinatosha kabisa.

Stabilaiza ni fizikia, na fizikia yake ni rahisi: ukaidi wa upinde kugeuka hukua kwa mraba wa umbali. Gramu 100 zilizo sentimita 75 mbele yako zina kazi zaidi ya mara sita ya gramu 100 zilizo sentimita 30. Kwa hiyo kile kijiti kifupi cha mpira kinachouzwa kama stabilaiza ni pambo linalozima mtikisiko kidogo. Kirefu kina maana, ila kinahitaji bega la kukibeba hadi mshale wa mwisho. Anza na uzito mdogo.

Na kifyatulio, kile kifaa cha mkononi kinachoushika uzi na kuuachia? Kwangu kinashika nafasi ya tatu, baada ya mishale na uzi. Kinachoutosha mkono wako, chenye kufyatuka bila mshtuko, kinabadilisha upigaji wako wote. Tena utahama nacho kwenda upinde ujao, kama kilengeo na stabilaiza. Uzi hauhami.

Swali limekuja kutoka nyuma: upinde wangu ni wa bei ndogo, niboreshe au ninunue mwingine? Ndugu yangu, kwanza hakikisha urefu wa mvuto unakutosha. Hilo mara nyingi hurekebishwa kwa moduli ya kemu, kile kipande chake kinachopanga urefu wa mvuto, au kwa kuhamisha skrubu, na aghalabu halihitaji kipuri kipya. Upinde usiokutosha urefu hauboresheki kwa chochote kingine. Ukishakutosha, badilisha uzi, panga mishale kwa uzito, halafu pima. Piga mafungu kadhaa ya mishale kabla na mafungu kadhaa baada, mishale ileile, umbali uleule, ukibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilichokusaidia, na muuzaji atadai vyote vitatu.

Mama hapa mbele anauliza kama anaweza kubadilisha uzi mwenyewe nyumbani. Bila presi ya upinde, mashine ya kuibana mikono ya upinde ili uzi ulegee, tena inayofaa mikono ya upinde wako, hapana mama. Mikono ile ina nguvu ya kukuvunja vidole hata upinde ukiwa umetulia. Mpelekee fundi, na kabla hajaanza muulize kama kubadilisha uzi na moduli kunagusa dhamana ya mtengenezaji. Akimaliza, kagua kebo zote zimekaa kwenye mifereji ya kemu, weka mshale, ndipo uvute. Usijaribu kuufyatua mtupu, yaani bila mshale, hata mara moja. Kemu inaweza kupinda na mikono kupasuka, na hapo dhamana haitakusaidia.