Pumisi au skoria? Tenganisha mawe mawili ya volkano kwa mizani ya jikoni

Haya, karibuni. Mezani nina mawe mawili, yote ya volkano, yote yamejaa matundu. Hili la kijivu ni pumisi, lile watu wanalosugulia nyayo. Hili jeusi lenye wekundu ni skoria. Wengi huyatenganisha kwa rangi na kuishia hapo, lakini rangi haitoshi: pumisi nyeusi ipo. Leo tunatumia macho, maji na mizani.

Andaa lenzi ya kukuza mara 10, bakuli la maji, mizani ya jikoni, uzi, sindano ndefu na nailoni nyembamba ya kufunikia chakula. Sugua vumbi kwa mswaki, kisha anika mawe yakauke hadi ndani. Ukitaka kuvunja kipande, vaa miwani. Pumisi ni kioo cha asili, na chembe zake hukata.

Tuanze na lenzi. Sogeza pumisi karibu na... ngoja, kamera inaonyesha kidole changu badala ya jiwe. Haya, sasa mnaona. Matundu madogo madogo, mengine yamevutwa yakawa marefu, na kuta zinazoyatenganisha ni nyembamba mno. Geukia skoria: matundu makubwa, ya mviringo, kuta nene. Mimi nikiruhusiwa kuangalia kitu kimoja tu, naangalia kuta.

Tofauti hiyo inatoka kwenye magma yenyewe, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi. Magma hubeba gesi iliyoyeyuka, hasa mvuke wa maji. Ikipanda juu, mgandamizo hupungua na gesi hutoka povu, mithili ya soda iliyotikiswa ukaifungua. Magma ya pumisi kwa kawaida ina silika nyingi (madini ya silikoni na oksijeni), asilimia 70 hivi, kwa hiyo inanata sana. Viputo vinanaswa, mlipuko unairarua, na vipande vinapoa haraka kabla fuwele hazijapata nafasi ya kukua. Magma ya skoria ni ya kibasalti: silika karibu asilimia 50, chuma kingi zaidi, inatiririka kwa urahisi. Viputo vinakutana, vinakuwa vikubwa, na vingi vinaponyoka. Huu wekundu ni chuma kilichoshika oksijeni jiwe likiwa bado la moto. Ninaupenda mno! Watu wa Rapa Nui, yaani Kisiwa cha Pasaka, waliuchagua kwa zile kofia kubwa za sanamu zao, walizozichonga kwa skoria nyekundu ya machimbo ya Puna Pau.

Sasa maji. Pumisi inaelea. Skoria imezama. Baada ya Krakatau, volkano ya Indonesia, kulipuka mwaka 1883, matabaka ya pumisi yalielea yakavuka Bahari ya Hindi hadi pwani ya Afrika Mashariki.

Ila kama umekausha pumisi kwenye oveni, iache ipoe kabisa. Ikiingia majini ikiwa ya moto, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji, na jiwe linazama upesi. Hata iliyopoa, ikikaa majini muda mrefu hulowa na kuzama. Na Hawaii kuna retikulaiti, mwamba wa kibasalti ambao karibu wote ni matundu, lakini hauelei kwa sababu matundu yake yamefunguka na maji yanapita. Ndiyo maana naleta mizani.

Pima jiwe kavu, andika gramu. Lifunge kwa nailoni, bana vizuri pasibaki mfuko wa hewa. Weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Sasa taratibu. Skoria ifunge uzi, izamishe yote, ining'inie katikati. ISIGUSE CHINI. Ikigusa chini, mizani itabeba uzito wa jiwe na namba yote inaharibika. Isiguse ukingo pia. Tazama, hapa imeegemea pembeni, namba imeruka. Naivuta... inabembea, subiri itulie. Imetulia: 55. Kila gramu hapo ni sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo ujazo ni sentimita 55 za ujazo. Uzito mkavu ulikuwa gramu 66. Gawanya uzito kwa ujazo: gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo.

Pumisi inataka kupanda juu, basi ikandamize kwa ncha ya sindano hadi izame yote. Sindano tu, vidole visiingie majini, kwa sababu kidole nacho kinahesabiwa. Na narudia, jiwe lisiguse chini. Ujazo 40, uzito gramu 24: ni 0.6. Maji ni 1, kwa hiyo chochote kilicho chini ya hapo kinaelea, maji yasipoingia matunduni.

Wajenzi wa Roma waliujua wepesi huu. Kuba la Pantheon, hekalu lao la kale, limepunguziwa uzito kwa kuchanganya mawe mepesi ya volkano, pumisi ikiwemo, kwenye zege la sehemu za juu.

Jiwe lako likikupa 0.9 au 1 kamili, usilazimishe jibu. Toa nailoni, lianike, pima tena, kisha rudi kwenye lenzi utazame kuta. Kuta nyembamba za kioo, iandike pumisi. Nene na nzito, iandike skoria, hata kama rangi inakuambia vingine.