Namna ya Kuilinda Kompyuta ya Nyumbani Umeme Unapokatika na Unaporudi

Karibuni watazamaji. Watu wengi huhofia dakika ile umeme unapokatika, ilhali mimi huhofia zaidi sekunde za kwanza unaporudi, kwa sababu mafriji, viyoyozi na pampu za maji za mtaa mzima huwaka kwa pamoja na kuufanya umeme upande na kushuka kabla haujatulia kwenye volti 230 za kawaida.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama. Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani na uchomoe plagi ya kompyuta, kisha usiichomeke tena mpaka taa za ndani zimewaka kwa dakika tano bila kufifia.

Hatua ya pili ni waya wa ethi, na hapa naomba tusiharakishe. Tazameni plagi hii ya pini tatu: pini ndefu ya juu ndiyo inayokwenda ardhini. Tumezoea kuchokonoa tundu lake kwa kalamu ili tuingize plagi ya pini mbili. Tafadhali tuiache tabia hiyo, kwani ni hatari kwa mkono na pia huinyima kompyuta njia ya ardhini. Mwiteni fundi umeme mwenye leseni apime ethi ya nyumba, hasa mkiwa wapangaji katika nyumba ya zamani. Gadi ya umeme mnayoinunua Kariakoo, yaani kile kifaa kinachokaa kati ya soketi na kompyuta, hutegemea sana ethi katika kuondoa umeme uliozidi, hivyo nyumba isiyo na ethi hupata ulinzi hafifu hata kama gadi ni ya bei kubwa.

Ethi ikiwa salama, chomekeni gadi ukutani. Chagueni ile inayochelewa kidogo kupitisha umeme baada ya kurudi. Mwenye laptopu yenye betri nzima anaweza kuishia hapa.

Mwenye kompyuta ya mezani anahitaji UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa kompyuta umeme kwa muda mfupi unapokatika. Jumlisheni wati: kompyuta ikila 200 na kioo 30, jumla ni 230. UPS iliyoandikwa 650 VA, yaani kipimo cha ukubwa wake, kwa kawaida hutoa wati zisizofika 400, basi inatosha, ila VA isichukuliwe kuwa ndiyo wati. Ichajini kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu chake kabla ya kuitegemea, na msichomeke printa ya leza wala pasi, maana vitailemea. Dakika chache itakazowapa ni za kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta kwa utaratibu, si za kuendelea kutazama filamu. Kama ina waya wa USB, uunganisheni na kompyuta, kisha wekeni programu yake ili kompyuta ijizime yenyewe hata mkiwa hampo.

Wakati wa masika, radi zikianza kupiga, chomoeni kila kitu, pamoja na waya wa intaneti, kwa kuwa hakuna gadi ya nyumbani ninayoiamini mbele ya radi iliyopiga karibu.

Kila baada ya miezi mitatu, hifadhini kazi zenu kwanza, kisha zimeni swichi ya ukutani inayolisha UPS mwone itadumu muda gani. Joto la Dar es Salaam huchosha betri mapema, kwa hiyo iwekeni mahali penye hewa, mbali na jua la dirishani. Ikizima papo hapo, badilisheni betri peke yake; ile ya zamani ina risasi na tindikali, hivyo ipelekeni kwa wanunuzi wa betri chakavu, isitupwe jalalani.