Fundi anayejua kuacha: vifaru vya kale na mikono yetu

Wababa na wamama, vijana wa ufundi, jambo yenu wote. Asanteni kwa kuja na mvua yote hii. Na tuanze na mvua hiyohiyo, maana kifaru kikitoka vitani kizima, maji ndiyo hukimaliza.

Ukikitazama kwa nje unaona jabali. Tiger ya Wajerumani ina chuma cha milimita 100 mbele, lakini sakafu yake ni milimita 25 tu, na maji hupenda kukaa sakafuni. Yanaingia kwa mfuniko wa juu, yanachanganyika na mafuta machafu na majani makavu, nyaya zinaoza, mipira inakauka, beringi zinashikana. Kifaru kilichowekwa uwanjani kama pambo hupakwa rangi kila sikukuu, watu wanapiga picha, kumbe tumbo limekwisha.

Mliotoka Kalemie na Moba mnaijua meli ya Liemba, ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliiita Graf von Götzen, na Julai 1916 waliizamisha wenyewe upande wa Kigoma ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini grisi nene. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na 1927 meli ikarudi kazini. Miaka minane tangu izamishwe! Waliofanya kazi ile hawakuwa na makumbusho wala bajeti. Walikuwa na grisi na haraka.

Sasa niwaudhi kidogo. Sisi wa Lubumbashi tunajisifu kwamba hakuna gari linalotushinda. Likija limekufa tunalitafutia pompi ya huku, gia boksi ya kule, tunachomelea, linaondoka. Kwa gari la kubeba makaa, hiyo ni sifa. Kwa kifaru cha makumbusho ni hatari, kwa sababu pale gari si chombo cha kazi tena, ni shahidi.

Chukueni Tiger 131 iliyoko kwenye makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza. Ilitekwa Tunisia Aprili 1943. Kombora la kifaru cha Kiingereza liligonga chini ya mzinga na kukwama pale kichwa kinapozungukia, kikagoma kuzunguka, Wajerumani wakakimbia. Ukarabati ulianza mwaka 1990 na ukachukua zaidi ya miaka kumi. Leo inawashwa mara chache tu kwa mwaka, watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuisikia ikinguruma. Lile kovu la kombora mafundi hawakulijaza. Wangeweza kulijaza asubuhi moja, likalainishwa, likapakwa rangi, na sababu nzima ya kifaru kile kuwa pale ingefutika.

Lakini nao walilipa bei. Injini yake ya asili ilikuwa HL210, yenye bloku ya alumini. Inayoendesha leo ni HL230, ya chuma cha kusubu. Kwa hiyo mnachosikia si sauti ileile ya 1943. Mimi nakubaliana nao, kwa sharti kwamba kila kilichobadilishwa kiandikwe na cha zamani kitunzwe. Nina rafiki anayekataa kabisa. Kwake kifaru kinachotembea kinajila chenyewe, kila kilomita inakula minyororo na gia ambazo hakuna kiwanda kinachozitengeneza. Hajakosea.

Ufaransa waliamua vingine. Mwaka 1998, kijijini Flesquières karibu na Cambrai, walifukua kifaru cha Kiingereza aina ya Mark IV, jina lake Deborah, kilichopigwa Novemba 1917. Watu watano wa ndani walikufa siku ile. Kimewekwa na matundu yake, kimepasuka vilevile. Nani angethubutu kukinyoosha?

Kwa watakaofanya kazi hii, jambo moja la usalama. Msiwashe grainda kabla mtaalamu wa mabomu hajapekua ndani. Pedi za breki za zamani mara nyingi zina asbesto, nyuzi za mawe zinazodhuru mapafu. Na saa za dashibodi zilizong'aa gizani mara nyingi zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Msizifungue, vumbi lake linaingia mapafuni. Sisi hatuna haki ya kulishangaa dubwana hilo: miaka ya 1920 sehemu kubwa ya radiamu ya dunia ilitoka Shinkolobwe, hapa karibu na Likasi.

Nimalizie na kosa langu. Nikiwa kijana, kwenye karakana moja nilipewa winchi ya zamani niisafishe. Nikaikwangua kwa brashi ya waya mpaka iking'aa kama sahani ya harusi. Wiki iliyofuata mzee mmoja akaja, akaizunguka mara mbili, akauliza: «Mwanangu, namba yangu iko wapi?» Alikuwa ameiandika pale kwa rangi siku alipoajiriwa. Sikuwa na jibu.

Bolti hii ya winchi ile ndiyo pekee ambayo sikuifikia siku ile. Mtazame pembeni, nimeisugua kidogo kwa msasa laini, mahali padogo kuliko ukucha: juu kijani, chini kijivu, chini kabisa nyekundu ya kuzuia kutu. Rangi tatu, mabosi watatu. Naipitisha, kila mtu aishike. Baba wa pale nyuma, pole, usiikwangue na funguo.