Kabla Hujaulaumu Usukani, Soma Tairi

Asalaam alaykum, na wale wa Bwana Asifiwe, Bwana asifiwe. Nimepewa dakika arobaini za kuzungumzia usukani na matairi, na mwenyekiti ameniomba nisizimalize zote kwenye ile hadithi ya gari la Toyota Noah. Naona wanaonifahamu wameshaanza kucheka. Wameisikia, na leo wataisikia tena, kwa sababu wiki iliyopita tu nimeletewa gari lenye kesi ileile.

Usukani ni nini sitaeleza. Humu kila mtu ana gari, au anaendesha la tajiri, au anapanda daladala huku ana ushauri wa kumpa dereva. Twende kwenye Noah.

Ilikuwa mwaka 2022, Ramadhani, saa kumi alasiri, muda ambao fundi hataki kuulizwa swali. Bwana mmoja, kazi yake kupeleka watu wa kukodi, leo Lushoto kesho Horohoro, akaingiza gari. "Fundi, linavuta kushoto." Kweli lilikuwa linavuta. Ukilegeza mikono tu, linaelekea mtaroni kama mbuzi aliyeona majani.

Nikamuuliza umeshafanya nini. Akafungua mlango wa nyuma, akanionyesha mfuko wa salfeti umejaa vyuma. Fundi wa kwanza alibadilisha tairodi endi zote mbili, vile viungo vya ncha vinavyosukuma gurudumu likate kona. Wa pili akasema bushi, zile raba za kwenye viungo vya chini, zimekufa, akazitoa. Wa tatu, huyu ndiye bingwa, akamuuzia steringi reki nzima ya mtumba, kile chuma kinachopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu. Laki saba na ushei zilikuwa zimeshateketea, na gari bado linavuta kushoto. Halafu akaniambia neno ambalo lingesemwa mwanzo, hata asingefika kwangu: "Na matairi ya mbele ni mapya, nimefunga mwezi uliopita."

Lilianza kuvuta lini? "Mwezi uliopita."

(Kicheko.)

Mnacheka, lakini mafundi watatu hawakuuliza. Nikapiga jeki. Tairi la mbele kushoto nikalipeleka kulia, la kulia nikalileta kushoto. Sikubadilisha spea hata moja, wala nusu saa haikufika. Tukatoka Kange kuelekea Pongwe, yeye kwenye usukani. Hatujafika mbali, akanyamaza. Gari lilikuwa linavuta kulia.

Hicho ndicho kipimo, na bei yake ni jasho tu. Badilisheni pande matairi ya mbele, la kushoto kulia, la kulia kushoto. Mvuto ukihama upande, mwenye kosa ni tairi. Ukibaki ulipokuwa, sasa ndiyo uanze kutafuta breki inayong'ang'ania, bushi, au alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu. Na kabla ya yote hayo pima upepo, maana tairi lenye upepo mdogo nalo huvuta gari upande wake.

Najua kuna mtu nyuma kule anataka kusema: "Alaimenti ilipimwa kwa kompyuta, ikaonyesha sawa." Ilikuwa sawa, bwana. Mashine inashikwa kwenye rimu na inapima pembe za magurudumu. Nyuzi za ndani ya tairi zilivyokaa haizijui, wala haijui kwamba mpira wa kushoto ni laini kuliko wa kulia. Na mwingine atasema gari lake huenda kushoto kidogo siku zote. Kidogo ni sawa. Barabara imejengwa na mgongo ili maji yateremke pembeni, na sisi tunaendesha kushoto. Lijaribu katikati ya kiwanja kitupu, si kwenye mteremko wa mtaro.

Sasa turudi kwenye yale "mapya". Yalikuwa yamepakwa dawa nyeusi, yanang'aa kama viatu vya gwaride. Nikainama na tochi. Ubavuni, mwisho wa yale maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. Moja lilikuwa na 0811, maana yake wiki ya 8 ya mwaka 2011. Miaka kumi na moja! Upya wake ulikuwa wa mtu aliyenyoa ndevu. Mpira huzeeka hata kama tairi limelala stoo, hewa na joto vinaukausha, nyufa nyembamba zinaanza ubavuni. Watengenezaji wengi wanasema tairi likipita miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi litolewe hata kama kashata zake bado ndefu. Kashata za tairi nasema, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, si zile za karanga. Na tarakimu hizo nne mara nyingi huandikwa ubavu mmoja tu, kwa hiyo usipoziona nje, ingia uvunguni. Muuzaji akikwambia zimefutika, mwachie tairi lake.

La pili lilinifurahisha zaidi. Ubavuni lilikuwa na picha ya mlima wa vilele vitatu, ndani yake nyota ya theluji. Tairi la theluji! Tanga! Theluji iliyo karibu nasi iko Kilimanjaro, na sijasikia Noah inayopandisha kule. Haya huja na magari yetu kutoka Japani, wenzetu huyafunga majira ya baridi. Mpira wake ni laini makusudi ili usigande, na kila kashata imechanjwachanjwa mistari myembamba. Likija kwenye lami yetu ya Februari, zile kashata zinayumba kama meno ya mtoto, usukani unakuwa mzembe, na tairi linaisha upesi. Huyu bwana alikuwa amefunga hilo kushoto, na kulia la kawaida. Laini huburuza zaidi kuliko gumu, ndiyo maana gari lilikwenda kushoto. Steringi reki iliyotolewa haikuwa na kosa lolote, na haikurudi. Nasikia iliuzwa.

Wazee watasema zamani tulikuwa na General Tyre ya Arusha, na mpira ulikuwa unagemwa hapo Kihuhwi, Muheza. Ni kweli, na mimi nimeyafunga hayo matairi. Lakini hata hayo yalikuwa yanazeeka, mzee wangu.

Upepo. Hapa naomba mnivumilie kwa sababu hunipandisha presha. Kuna imani mji huu kwamba jua likiwa kali upunguze upepo ili tairi lisipasuke. Nani aliileta sijui, lakini ameua matairi mengi. Tairi lenye upepo mdogo linabonyea kila linapozunguka, ubavu unajikunja na kujikunjua mara mamia kwa dakika. Chukua waya, ukunje na kuukunjua hivyo, uushike. Umepata moto? Ndivyo ubavu unavyopata moto, mpaka unaachana, na hapo ndipo kile kishindo unachokisikia ukiwa njia ya Segera na abiria saba. Kipimo sahihi kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kikiandikwa 230 kPa, ni kama 33 kwenye geji ya psi. Pima asubuhi gari halijatembea. Ukipima limetoka safari, geji itasoma juu kwa sababu hewa imepata moto. Usiitoe! Ikipoa utabaki na upungufu. Na kijana anayepima upepo kwa kulipiga tairi teke, mpe soda, lakini usimpe gari.

Saizi kwa haraka, naona mwenyekiti anatazama saa. 185/65R15 88S: upana milimita 185, kimo cha ubavu asilimia 65 ya huo upana, R ni radial, yaani namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, rimu ni inchi 15. Ile 88 ni mzigo, kilo 560 kwa tairi moja, na S ni mwendo, mwisho kilomita 180 kwa saa. Wengi husoma mpaka 15 wakaishia hapo. Mwenye Probox anayebeba machungwa ya Muheza, soma ule mzigo.

Kiganja sasa. Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha rudisha. Taratibu, nyaya zikichomoza zitakukata. Ukiona kwenda ni laini na kurudi kunakwaruza kama ulimi wa paka, alaimenti imekwenda, magurudumu yanatazamana au yanapeana mgongo. Likiliwa kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likiliwa katikati, ulizidi. Likiliwa ukingo mmoja tu, gurudumu limelala, angalia pembe zake na bushi. Mabonde mabonde ni shokapu. Na kwenye mifereji kuna vinundu vya milimita 1.6. Kashata ikilingana navyo, hilo ni kipara, na masika likikuta maji barabarani litaelea na usukani utakuwa pambo.

Usukani ukitetemeka kati ya 80 na 100 halafu ukatulia ukiongeza mwendo, ni balansi mara nyingi, yaani uzito wa gurudumu haujasawazishwa. Ukitetemeka unapokanyaga breki tu, tazama diski. Mtetemo ukiwa kwenye kiti zaidi kuliko mikononi, magurudumu ya nyuma.

Kuna swali limeandikwa hapa: nina hela ya matairi mawili, nifunge wapi? Nyuma. Najua, najua, injini na usukani viko mbele! Mbele ikiteleza gari linanyooka, unahisi mikononi, unapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza kwenye kona za Mombo kwenda Lushoto, gari linageuka lenyewe, na huna muda hata wa kumaliza kutamka shahada.

Mengine nilitaka kusema kuhusu pampu ya steringi na magari ya steringi ya umeme, ila adhana imekaribia. La mwisho tulifanye nje, jeki iko tayari. Mtalichukulia gurudumu kama uso wa saa, mshike penye saa tatu na saa tisa, mtikise: likicheza ni tairodi au reki endi, kiungo chake cha upande wa ndani. Kisha saa sita na saa kumi na mbili: likicheza ni boljointi, kile kiungo cha duara kinachobeba gurudumu, au beringi. Vitabu vya Wazungu huandika saa hizohizo, na kwa bahati saa yetu ikipinduliwa inaangukia palepale, kwa hiyo hakuna wa kusema alichanganyikiwa. Anayetaka gari lake liwe la kwanza alete funguo, na afungue mlango wa dereva tuone ile karatasi ya upepo kama bado ipo.