Dogo wa matarumbeta, okestra unaingia hivi

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi. Huku Ujerumani baridi imekaza, niko jikoni hapa. Kuna dogo wa Tanga anapiga tromboni kwenye matarumbeta ya harusi, kaniandikia, "kaka, okestra mtu anaingiaje?" Swali hilo siku ya tatu leo sijalitoa kichwani.

Dogo, nafasi ikitoka ni moja na mnaitwa kibao. Mnapiga mmoja mmoja, raundi ya kwanza mara nyingi nyuma ya pazia ili wanaosikiliza wasijue we nani wala umetoka wapi. Tromboni huku karibu kila mahali unaanza na Concertino, kipande cha tromboni cha Ferdinand David cha mwaka 1837, halafu wanakupa vipande vifupi vifupi, Bolero ya Ravel, Tuba mirum ya Mozart, vile vile kila odisheni, yaani huo usaili wa kupiga. Mi ya kwanza nilipanda treni masaa matano, nikapiga kama dakika mbili, nikasikia "asante" upande wa pili wa pazia, basi, nikarudisha tromboni kwenye kasha. Nililia njia nzima.

Kujirekodi na simu ndo nikaelewa. Sauti nzuri, tuni iko sawa, ila nakimbia! Kila mistari miwili mwendo umepanda. Si unajua pale Ngamiani, tuko juu ya pikapu tunazunguka na bibi harusi, anayeshika mwendo ni mpiga ngoma, sisi tunapuliza tu tunambebesha yeye kila kitu. Nyuma ya pazia hakuna ngoma, mdogo wangu, mwendo unatoka nao mwenyewe.

Na kukaa kimya nako ni kazi. Simfoni ya 5 ya Beethoven tromboni haipigi hata noti moja mpaka sehemu ya nne, unakaa zaidi ya dakika 20, midomo inapoa, halafu unatakiwa uingie kwa nguvu palepale, na ukikosea kuhesabu ukumbi mzima umesikia.

Sasa hivi mi niko mwaka wa majaribio kwenye okestra, ukiisha wenzangu ninaopiga nao ndo wanapiga kura nibaki au niondoke, kwa hiyo na mimi bado nahesabu kila siku.

Dogo, ile solo ya Bolero ipige polepole kabisa, jirekodi, nitumie WhatsApp. Bila ngoma.