Acheni Kumuuliza "Unanikumbuka?"

Asanteni. Nianze na ombi kwenu mnaowauguza wazazi wenye demensia, yaani hali ya ubongo kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri: lile swali la "Mama, unanikumbuka?" liwekeni kando. Najua linatoka kwenye mapenzi. Ila kwake ni mtihani, na akibahatisha jina lisilo lako, kosa lile lile laweza kuganda.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni chanzo kimoja cha demensia, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuhifadhi matukio mapya, huathirika mapema. Ndiyo maana amemsahau mgeni wa asubuhi, ilhali vidole vyake bado vinajua kufunga vifungo vya shati. Kumbukumbu ya mazoea ina njia zake nyingine na hudumu zaidi. Sisi wa tiba kwa vitendo hupitia mlango huo.

Chukueni mzee anayesimama bila mkongojo. Simpi orodha ya maneno akariri, itamfaa nini? Namfundisha jambo moja. "Mzee, kabla ya kusimama unashika mkongojo. Haya, kabla ya kusimama unafanya nini?" Anajibu, anaushika. Tunapiga soga nusu dakika, nauliza tena. Kisha baada ya dakika moja, mbili, nne, nane. Akikosea, simwambii "hebu fikiri vizuri" (hapo ndipo wengi tunapoharibu). Nampa jibu papo hapo, analirudia kwa kitendo, nami narudi kwenye muda wa mwisho aliofaulu.

Mbinu hii ya kuuliza kwa vipindi vinavyorefuka, watafiti Landauer na Bjork waliiandika mwaka 1978, wakiwapima watu wasio na ugonjwa. Mwanasaikolojia Cameron Camp akaipeleka kwa wenye demensia. Mwaka 1994 watafiti Baddeley na Wilson wakaonyesha kwamba waliopoteza kumbukumbu hujifunza vizuri zaidi wakizuiwa kubahatisha. Mimi na wewe tukikosea, tunakumbuka kwamba tulikosea. Yeye hubaki na jibu tu, bila kujua kwamba lilikuwa kosa, na safari ijayo ndilo linalotangulia.

Ugonjwa hausimami kwa hili. Na huenda mzee akashika mkongojo kila siku asijue nani alimfundisha. Jamaa huniambia, "Hata hakumbuki kama ulikuja." Sawa, lakini mkongojo ameushika?

Nyumbani, swali liwe moja kwa wote, neno kwa neno. Binti akiuliza "Kabla ya kusimama unafanya nini?" na kaka yake akaja na "Fimbo iko wapi?", hayo ni masomo mawili, na mzee ana nafasi ya moja.